Viatu vilivyotiwa rangi nyumbani vinachuja na kuchafua nguo: nini kifanyike?

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam. Ninaomba mwongozo wa wenye uzoefu kuhusu viatu vya ngozi ambavyo nimevibadilisha kutoka rangi ya hudhurungi kuwa vyeusi, kwa kutumia rangi ya ngozi ya majimaji iliyochanganywa na spiriti, ile inayopakwa kwa sifongo. Kwa macho kazi imetoka vizuri na weusi umeenea sawasawa. Tatizo ni kwamba kila ninapovivaa, pindo la suruali linapata doa, soksi zinabadilika rangi kuanzia vidoleni hadi kisiginoni, na nikipitisha kitambaa cheupe juu ya ngozi kinatoka cheusi, ingawa viatu vimekauka kabisa.

Ushauri ninaokutana nao unapingana. Yupo anayesema nipake siki na chumvi, yupo anayependekeza vanishi ya mbao, mwingine dawa ya kupuliza ya kushikiza nywele, na wengi wanasema nipake polishi kwa wingi tu, basi. Kabla sijamwaga chochote juu ya viatu hivi ningependa kuelewa kwa nini rangi inachuja, kisha nijue hatua ipi inaitangulia ipi. Ninazo pia raba za kitambaa ambazo nakusudia kuzitia rangi baadaye, kwa hiyo mwenye ujuzi wa vitambaa naye asisite kuchangia.

Fundi Kiraka

Ndugu mwanzisha uzi, umefanya vyema kuuliza kabla ya kupaka, kwa kuwa makosa mengi katika jambo hili hutokea pale mtu anapokimbilia kufunika tatizo lililopaswa kuondolewa kwanza.

Rangi uliyotumia hufanya kazi kwa kupenya. Spiriti huibeba na kuiingiza katikati ya nyuzi za ngozi, kisha spiriti yenyewe huruka hewani na kuiacha rangi humo ndani. Lakini nafasi iliyomo ndani ya ngozi ina kikomo. Ngozi ikishashiba, rangi yote inayoongezwa juu yake haina pa kwenda. Spiriti ikiruka, rangi hiyo hubaki juu kama unga mwembamba sana ambao haujashikana na kitu chochote. Unga huo ndio unaohamia kwenye suruali yako. Rangi nyeusi ndiyo yenye sifa mbaya zaidi, kwanza kwa sababu huwa nzito, na pili kwa sababu mtu anayetaka weusi uliokolea hurudia kupaka tena na tena hata baada ya ngozi kushiba.

Unaweza kuuona unga huo bila chombo chochote. Peleka kiatu karibu na dirisha, kiinamishe ili mwanga ukipige kwa upande, kisha utazame sehemu ya ncha na pembeni mwa mishono. Ukiona mng'ao wa kijani au wa zambarau unaofanana na mgongo wa mende wa shambani, hiyo ni rangi iliyozidi, si ngozi. Ngozi nyeusi iliyotiwa rangi kwa kiasi chake haina mng'ao wa namna hiyo. Huonekana nyeusi tulivu, na pengine yenye kufifia kidogo kabla ya kupakwa mafuta.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na wengine watanisahihisha wakitaka: kinga yoyote inayopakwa juu ya rangi iliyolegea haizuii chochote kwa muda mrefu. Inashikana na unga badala ya kushikana na ngozi, na siku unga unapoachia, kinga nayo inaondoka pamoja nao. Kazi kubwa ni kuiondoa rangi iliyozidi. Kinga ya juu ni kazi ndogo inayofuata.

Kabla ya hapo, fanya jaribio la vitambaa vitatu vyeupe vya pamba. Kimoja kiwe kikavu, cha pili kiwe kimeloweshwa maji na kukamuliwa vizuri, cha tatu kiwe na matone machache ya spiriti. Sugua kila kimoja mahali tofauti pasipoonekana sana, kwa mfano chini ya ulimi wa kiatu, kwa nguvu ile ile na kwa mara zile zile. Kitambaa kikavu kikitoka na rangi, una unga juu ya ngozi. Kikavu kikitoka safi lakini chenye maji kikachafuka, rangi yako inayeyuka kwenye maji, nayo itahitaji kinga isiyopitisha maji. Kile chenye spiriti kitachafuka kwa vyovyote, kwa kuwa spiriti ndiyo iliyoileta rangi hiyo na ndiyo inayoweza kuiondoa, kwa hiyo hicho usikiogope. Tuletee majibu.

Mwanzisha uzi

Shukrani nyingi, Fundi. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Kitambaa kikavu kimechafuka sana, hasa kwenye ncha na kandokando ya mshono unaozunguka kiatu. Kitambaa chenye maji kimechafuka pia, ingawa si kwa tofauti kubwa na kile kikavu. Mng'ao ulioutaja upo, na kusema kweli nilikuwa nikiufurahia nikidhani ni dalili ya ngozi nzuri. Jambo jingine ni kwamba bitana ya ndani nayo imeshika rangi karibu na matundu ya kamba, mahali ambapo sikupaka kabisa.

Fundi Kiraka

Basi ugonjwa umejulikana: rangi imezidi. Nitaeleza utaratibu kwa kirefu, kwa kuwa kila hatua inategemea ile iliyotangulia.

Ondoa kamba, uzifue peke yake, na usizirudishe mpaka mwisho wa kazi. Vaa glavu, tandika magazeti ya zamani, na ufungue madirisha. Chukua kitambaa kikavu cha pamba, kikuukuu na laini, usugue kiatu kizima kwa mikupuo mifupi ya haraka, ukigeuza kitambaa kila upande mmoja unapochafuka. Watu wengi hukosea hapo kwenye kugeuza: kitambaa kilichokwisha kujaa rangi hakiondoi tena, kinaisambaza tu kutoka ncha kwenda kisiginoni. Mshono usafishe kwa brashi ya meno iliyo kavu, kwa sababu uzi na kijifereji chake huhifadhi rangi nyingi kuliko sehemu tambarare. Endelea mpaka kitambaa safi kitoke na kivuli tu, si doa. Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini kuliko kusugua.

Ikiwa baada ya kusugua kwa dhati bado rangi inatoka kwa wingi, ndipo unapoweza kutumia kitambaa chenye unyevu mdogo sana wa spiriti. Ninasisitiza unyevu mdogo. Kitambaa kipite juu ya ngozi mara moja, kwa mkono mwepesi, bila kurudi nyuma na bila kusimama mahali pamoja, kwani kikikaa mahali pamoja spiriti itaichomoa hata rangi iliyokwisha kupenya na utabaki na mabaka. Kisha kiatu kikauke hadi siku inayofuata, halafu kisuguliwe tena kwa kitambaa kikavu.

Baada ya hapo ngozi itahitaji mafuta, kwa kuwa spiriti huondoka na sehemu ya mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha ikiwa ngumu. Paka mafuta ya kulainishia ngozi kwa kiasi kidogo, yaache yazame usiku kucha, na usishangae ukiona kitambaa kikichafuka tena asubuhi yake: mafuta huisukuma juu rangi iliyokuwa imejificha kwenye vinyweleo. Ni afadhali itoke sasa mikononi mwako kuliko itoke baadaye kwenye zulia la mwenyeji wako. Usizidishe mafuta lakini, maana ngozi iliyolowa mafuta haitaishika kinga utakayoipaka juu yake.

Sasa ndipo inapokuja kinga. Ninayoipendelea ni ile ya akriliki iliyotengenezwa maalumu kwa ngozi, ambayo ni ya maji, huonekana nyeupe kama maziwa ikiwa ndani ya chupa na hukauka ikawa haina rangi. Faida yake kwako ni kwamba ina maji na si spiriti, kwa hiyo haiyeyushi rangi iliyo chini yake kwa urahisi. Ichanganye na maji kiasi sawa kwa sawa, kisha upake kwa sifongo laini katika tabaka jembamba, ukielekea upande mmoja tu. Subiri ikauke kabisa kabla ya tabaka linalofuata. Tabaka mbili au tatu nyembamba zina nguvu kuliko moja nene, kwani tabaka nene hupasuka mahali kiatu kinapojikunja nyuma ya vidole, na mpasuko huo ndio utakaokuwa mlango wa rangi kutokea. Sifongo likichafuka sana katika tabaka la kwanza, simama. Hiyo ni taarifa kwamba hukumaliza kusugua.

Mwisho kabisa, nta isiyo na rangi. Nta peke yake si kinga ya kutosha, lakini juu ya akriliki hupunguza msuguano na huyafanya maji ya mvua yateleze.

Mpenda Polishi

Ninakubaliana na mengi, ila nina swali kwa Fundi. Nimekuwa nikipaka polishi nyeusi juu ya viatu nilivyovitia rangi na hali huwa nzuri kwa muda, kisha suruali zinachafuka tena. Je, polishi haina kazi yoyote hapa?

Fundi Kiraka

Ina kazi, lakini si hiyo unayoitarajia. Polishi nyeusi nayo ina rangi yake yenyewe ndani ya nta, na nta ni laini. Ikipata joto la jua au la mguu hulainika zaidi na kuhamia kwenye nguo. Hapo mtu huilaumu rangi ya ngozi wakati mkosaji ni polishi iliyopakwa nene na isiyopigwa brashi ya kutosha. Namna ya kutofautisha ni rahisi: doa la polishi huwa na mafuta mafuta na huacha utelezi ukilipapasa kwa kidole, wakati doa la rangi ya spiriti huwa kavu na limezama kwenye kitambaa. Kwa viatu vilivyotiwa rangi nyumbani, ninashauri polishi isiyo na rangi kwa miezi ya mwanzo.

Kuhusu vanishi ya mbao, iache kwenye mbao. Imetengenezwa kwa kitu kisichojikunja. Dawa ya nywele ni mbaya kwa sababu mbili: nyingi zina alkoholi, ambayo huiyeyusha rangi tena, na gundi yake imekusudiwa kuoshwa ikatoka. Mvua ya kwanza itakuonyesha.

Mkemia wa Nyumbani

Niongezee upande wa siki na chumvi, kwa kuwa ushauri huo hauna asili ya uongo. Umehamishwa tu kutoka mahali pake.

Katika viwanda vya ngozi, rangi nyingi zinazotumika ni zile za jamii ya asidi, ambazo molekuli zake zina chaji hasi. Ngozi ikiwa katika hali ya uasidi, protini yake iitwayo kolajeni hupata chaji chanya, nazo hizo mbili huvutana. Ndiyo maana kazi ya kutia rangi ndani ya pipa linalozunguka huhitimishwa kwa kuongeza asidi, mara nyingi asidi ya fomiki, ili rangi ijifunge kwenye nyuzi. Lakini hapo ngozi iko ndani ya maji pamoja na rangi, inazungushwa na kupigwapigwa, na rangi imepata muda wa kuingia hadi katikati. Siki inayopakwa juu ya kiatu kilichokwisha kukauka haikutani na mazingira hayo. Rangi za spiriti zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani zimetayarishwa kwa njia tofauti, na unga uliokaa juu ya ngozi hauna nyuzi za kujifunga nazo hata ukiumwagia siki namna gani. Utakachopata ni ngozi iliyolowa, na pengine michirizi.

Siki ina nafasi yake ya kweli kwenye sufu, hariri na nailoni, zinapotiwa rangi za asidi ndani ya maji ya moto. Pamba haimo kwenye orodha hiyo. Anayeloweka raba za pamba kwenye siki ili zisichuje anapoteza siki yake.

Chumvi nayo hufanya kazi wakati wa kutia rangi, si baada yake. Pamba ikiwa majini hupata chaji hasi kidogo, na rangi nazo zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Chumvi hupunguza msukumano huo ili rangi isogee karibu na uzi. Rangi ikishaingia, chumvi haiwezi kuifunga isitoke.

Kwa raba za kitambaa, mwanzisha uzi, swali la kwanza ni kitambaa chenyewe ni cha nini. Kama ni pamba halisi, tafuta rangi za jamii ya riaktivu. Hizi zilianza kuuzwa mwaka 1956 na kampuni ya Uingereza iitwayo ICI, na tofauti yake na rangi za awali ni kwamba haziingii tu ndani ya uzi. Zinaungana nao kikemia, zikawa sehemu ya molekuli ya pamba. Muungano huo unahitaji mazingira ya alikali, ambayo hupatikana kwa sodiamu kaboneti, yaani magadi ya kufulia, na nyingi kati ya rangi hizi zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani hukamilisha kazi katika joto la kawaida la chumba. Hilo ni muhimu sana kwa raba, kwa sababu hutaki kuchemsha kiatu ambacho soli yake imeshikiliwa kwa gundi.

Hata hivyo, si rangi yote itakayoungana na uzi. Sehemu yake huungana na maji badala ya pamba, na hiyo ndiyo itakayochuja usipoisuuza. Suuza kwa maji baridi kwanza mpaka alikali iondoke, kisha kwa maji ya moto kiasi ambacho gundi inaweza kukivumilia, na urudie mpaka maji yawe safi. Watu hukata tamaa mapema katika kusuuza, halafu wanasema rangi haifai.

Zile rangi za unga zinazodaiwa kufaa kwa kila kitambaa ni mchanganyiko wa aina mbalimbali. Kwenye pamba, ile sehemu inayoshika ni rangi isiyoungana kikemia na uzi, kwa hiyo itaendelea kuchuja kidogo kidogo kila inapolowa. Kwa hizo zipo dawa za kufunga rangi zenye chaji chanya, ambazo huinasa rangi ndani ya uzi na kupunguza sana kuchuja. Zinasaidia kwelikweli, ila zitumike baada ya kusuuza, kwa sababu ile ile aliyoieleza Fundi: ukifunga rangi iliyozidi, umeifunga mahali isipotakiwa.

Kama raba ni za poliesta, achana nazo. Poliesta huhitaji rangi za namna nyingine na joto la nyuzi 100 za Selsiasi au zaidi, na hakuna kiatu kizima kitakachotoka salama kwenye sufuria hiyo.

Mwanzisha uzi

Maelezo haya yamenifungua macho. Nimeanza kusugua na mng'ao ule unaondoka. Weusi uliobaki ni mtulivu zaidi lakini haujapungua. Ninauliza sasa kuhusu ndani ya kiatu. Je, nipake akriliki kwenye bitana pia, ili soksi zisichafuke?

Fundi Kiraka

Usipake sehemu yote ya ndani. Mguu hutoa jasho, na bitana ndiyo inayolinyonya. Ukiifunika kwa utando, jasho litabaki mguuni. Futa bitana kwa kitambaa chenye unyevu wa maji na sabuni kidogo, uikaushe kwa kitambaa kingine hapo hapo, na urudie siku nyingine badala ya kulowesha kwa wingi mara moja. Weka soli ya ndani mpya, isiyo na rangi, uwe unaitazama: ikibaki safi baada ya kuvaa, ujue tatizo limeisha. Pale kwenye matundu ya kamba na kwenye ukingo wa juu unaozunguka kifundo, hapo unaweza kugusa akriliki kidogo kwa brashi ndogo, kwa kuwa ndipo rangi ilipopita na ndipo soksi inaposuguka zaidi.

Mkemia wa Nyumbani

Ndani ya kiatu kuna mtihani mgumu kuliko nje. Jasho si maji matupu. Lina chumvi, huanza likiwa na uasidi kidogo, na bakteria hulibadilisha kuelekea alikali kadiri linavyokaa. Wapimaji wa vitambaa hulijua hilo, ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 105-E04 hupima uimara wa rangi kwa jasho la bandia la aina mbili, la asidi na la alikali. Kwa ngozi kipo kiwango cha ISO 11640, ambacho hupima msuguano wa kwenda na kurudi kwa kipande cha sufu iliyoshindiliwa, kikiwa kikavu, kikiwa na maji, na kikiwa na jasho hilo la bandia. Doa linalobaki hulinganishwa na ngazi za rangi ya kijivu, ambapo 5 ni kutochafuka kabisa na 1 ni kuchafuka vibaya. Jaribio la vitambaa vitatu la Fundi ni ndugu mdogo wa kipimo hicho. Ukitaka kulikamilisha, ongeza kitambaa cha nne kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi.

Kuna jambo la afya pia ambalo halipaswi kupita kimya. Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari waliandika habari za watu, wakiwemo watoto, waliogeuka rangi ya samawati midomoni na kuishiwa nguvu baada ya kuvaa viatu vilivyotoka kupakwa rangi muda mfupi kabla. Rangi za wakati huo zilikuwa na anilini au nitrobenzini, kemikali zinazopita kwenye ngozi ya mtu na kuizuia damu isibebe oksijeni ipasavyo. Kiatu kibichi na mguu wenye joto vilitosha kuleta madhara. Rangi za leo za viatu si zile, lakini kanuni ya kuviacha vikauke kabisa, mahali penye hewa, kabla ya kuvivaa, bado ina maana, na isipuuzwe kwa sababu tu mtu ana shughuli ya jioni. Spiriti na asetoni pia hushika moto haraka, kwa hiyo jiko na sigara vikae mbali.

Mgeni Jukwaani

Nami naomba kuingia. Viatu vyangu si vya ngozi halisi bali ni vya ngozi bandia, na rangi ya spiriti inatoka yote ukiipitishia kidole. Je, kusugua kutanisaidia?

Fundi Kiraka

Hapana, ndugu yangu. Ngozi bandia imefunikwa kwa plastiki, ama poliyurethani ama PVC, na plastiki hiyo haina vinyweleo vya kuinyonya rangi. Hiyo yote iliyo juu yake ni ya kufutwa kwa spiriti. Ukifuta ikaisha, safisha uso wote kwa uangalifu, kisha utumie rangi ya kupaka iliyotengenezwa kwa plastiki inayojikunja, ambayo inashika juu kwa gundi yake yenyewe. Ipake nyembamba, tabaka kwa tabaka. Hiyo haitachuja, ikiharibika itabanduka vipande, nayo karibu kila mara hubanduka kwa sababu uso haukusafishwa vizuri. Hilo ni tatizo la aina nyingine kabisa na lile la mwanzisha uzi.

Mwenye Swedi

Nimesoma uzi wote na sijaona habari za swedi. Nimetia rangi ya bluu viatu vya swedi, nami nachafua kila kiti ninachokikalia nikikunja mguu. Akriliki inaweza kutumika?

Fundi Kiraka

Akriliki ikigusa swedi, umepoteza swedi: vinyuzi vyake vitalala na kugandamana kama ubao. Hapa kazi yote iko kwenye brashi. Swedi ni upande wa ngozi uliosuguliwa ukawa na vinyuzi vilivyosimama, na vinyuzi vifupi vilivyokatika hubaki humo vikiwa vimeshiba rangi. Kinachochafua viti vyako ni rangi pamoja na vumbi hilo la ngozi. Piga brashi yenye nywele ngumu pande zote, kisha uvute vumbi kwa mashine ya kufyonza au ukung'ute nje, halafu usugue kwa kifutio cha mpira laini, ambacho huvinasa vinyuzi vilivyolegea. Mvuke wa birika ukipitishwa kwa mbali, bila kulowesha, utaviinua vinyuzi vilivyolala, navyo vikikauka upige brashi tena.

Baada ya hapo ipo dawa ya kupuliza ya kuzuia maji, iliyotengenezwa kwa ajili ya swedi. Haifungi rangi, ila inazuia mvua na jasho visiibebe. Nikuambie ukweli kwamba swedi yenye rangi iliyokolea, hata ile ya kiwandani, huendelea kuachia kidogo ikisuguliwa kwa nguvu. Hiyo itapungua kadiri unavyovaa na kupiga brashi, lakini usiikunje miguu juu ya kochi jeupe.